Beethoven Namba 5 na 7 za Kleiber: CD nzuri, lakini simu yako inaweza kuiharibu

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunayo CD ya kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon: Simfoni Namba 5 na Namba 7 za Beethoven, zikipigwa na okestra ya Vienna Philharmonic chini ya kondakta Carlos Kleiber. Namba 5 ilirekodiwa 1974, na kwenye santuri ilikaa peke yake, dakika 33 na ushei. Hapa wamekuongezea Namba 7, kwa hiyo hela yako haipotei.

Tuanze na zile noti nne maarufu zinazofungua Namba 5. Wengi huziimba kana kwamba zinaanza juu ya pigo. Hapana: Beethoven ameandika kwanza kimya cha nusu pigo, ndipo noti tatu fupi zifuate. Kondakta (wa okestra, si wa daladala) akikosea ishara ya mkono, violini zinaingia moja moja kama watu waliochelewa ibada. Hapa zimeingia kama mlango uliobamizwa. Angalia pia noti ndefu ya pili: inashikiliwa muda mrefu kuliko ya kwanza, kwa sababu imeongezewa kipimo kizima, yaani mapigo mawili.

Vaa hedifoni. Violini za kwanza ziko kushoto, za pili kulia, zinajibizana. Kwenye spika moja ya bluetooth majibizano hayo yote yanakufa.

Sasa kero yenyewe. Namba 5 ina sehemu nne, na ya tatu haina mwisho: timpani (ngoma kubwa za okestra) inagonga chinichini, violini zinapanda taratibu, kisha ya nne inalipuka bila kupumua. Hapo ndipo tromboni tatu, filimbi ndogo na kontrabasuni (ala ya kupuliza yenye sauti nzito sana) zinasikika kwa mara ya kwanza. Wapigaji wa ala hizo wamekaa kimya zaidi ya dakika 20! Ukiihamishia CD kwenye simu kwa MP3, programu nyingi zinachomeka kimya kidogo katikati, na mlipuko unakuwa kikohozi. Hifadhi kwa FLAC (aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti), tumia programu inayocheza bila pengo, zima kuchanganya nyimbo (crossfade, yaani wimbo mmoja kufifia huku mwingine ukianza), na uzime usawazishaji wa sauti (unaolinganisha ukubwa wa sauti wa kila wimbo). Halafu pima ukubwa wa sauti utakaosikilizia kwa mwanzo wa sehemu ya nne. Ukipima kwa ile timpani, utaruka kwenye kiti.

Namba 5 ilipigwa mara ya kwanza Vienna, 22 Desemba 1808, Theater an der Wien. Ukumbi baridi, mazoezi haba, onyesho la saa nne hivi. Usiku huohuo ilipigwa pia ile tunayoiita Namba 6, na kwenye ratiba namba zao zilikuwa zimebadilishana.

Namba 7 ina jambo moja la kubishania. Mwisho wa sehemu ya pili, Kleiber anawaacha wapiga violini wadonoe nyuzi kwa vidole hadi noti za mwisho, wakati nakala nyingi za noti zilizochapishwa zinawarudisha kwenye upinde. CD yako haina kasoro. Ni uamuzi wake, na babake Erich, naye kondakta, alifanya vilevile.