Huduma ya kupandikiza nguruwe mbegu ya dume kwa chupa, Mukono, Uganda: musawo (daktari wa mifugo) anajua kazi ila ofisi yake inachosha

Watu wameniuliza inbox kama hawa jamaa wanafaa, basi naandika hapa mara moja, jina la ofisi nitawapa pembeni.

Dume la kukodi nimeachana nalo. Linazunguka banda hadi banda, mwenyewe anataka pesa au kitoto kimoja kila uzao, na homa ya nguruwe ikiingia mtaani inatembea nalo na dawa yake hakuna. Si kwamba chupa haiwezi kuleta ugonjwa jamani, mbegu ya dume mgonjwa inabeba virusi vilevile, kwa hiyo ulizeni madume yao yanapimwa na nani. Mimi niliuliza, nikajibiwa "usijali ssebo" (yaani bwana), karatasi sikuona. Hata ya kuonyesha kama dume ni wa aina ya Large White kweli hamna.

Lakini musawo mwenyewe, huyo namsifu. Alikuja na kasha lenye kipimajoto ndani kinasoma nyuzi 17, na ndivyo inavyotakiwa kwa sababu mbegu ya nguruwe ikishuka chini ya 15 inaanza kuharibika, si kama ya ng'ombe inayokaa kwenye naitrojeni ya maji nyuzi -196 huko. Halafu hakukimbilia kumimina kama wale wengine! Alitoa kitambaa chenye povu la mate ya dume akampitishia jike puani, hayo mate yana androstenoni, yaani harufu ya dume, jike aliye kwenye joto (anayetaka dume) akinusa tu anasimama hasogei masikio juu. Akamkandamiza mgongo, akamsugua mbavu, akaingiza mrija akiuzungusha taratibu mpaka ukashika, chupa akaiacha inyonywe yenyewe bila kuiminya.

Nikamuuliza mbona mambo mengi hivyo. Akasema dume akipanda mwenyewe anatoa mililita 200 mpaka 300 na sehemu kubwa ni maji tu, ila hayo maji ndiyo yanaongea na kizazi. Yana homoni ya estrojeni inayofanya kizazi kitoe kemikali iitwayo prostaglandini, kizazi kinabana kinasukuma mbegu juu, pia kuna protini inaitwa TGF-beta inayotuliza kinga ya jike isizichukulie mbegu kama adui, na yanaweza hata kuwahisha yai kutoka. Sasa kwenye chupa ya mililita 80 mbegu imezimuliwa na maji ya kuhifadhia, ujumbe wa dume umebaki kidogo sana, kwa hiyo mkono na harufu ndio vinasaidia. Hapo nikaelewa kwa nini yule wa mwanzo aliyeminya chupa akaondoka na boda yake majike hawakushika.

Akanipa na la ngamia, maana Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, wapo. Ngamia hatoi yai mpaka apandwe, na kwa lama, ambaye ni ukoo huohuo, mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba kinachoamsha yai kwenye shahawa ni NGF, protini iliyojulikana zamani kwa kukuza neva. Ukimdunga lama kwenye msuli, anatoa yai dume hajamwona kabisa! Nguruwe jike yai lake linatoka lenyewe, mara nyingi joto likishapita nusu, kwa hiyo saa ndiyo kila kitu.

Na hapo kwenye saa ndipo ofisi inaniudhi. Chupa ya pili, ya kurudia kupandikiza, waliahidi asubuhi, ikafika alasiri eti mvua, na boda nikalipishwa mimi. Simu ya ofisini inaita wee mpaka inakata.

Majike wengi walishika, mmoja akarudi kwenye joto wiki ya 3 wakamrudia kwa nusu bei bila ugomvi. Nyota 4 kwa ajili ya musawo, ofisi peke yake ningeipa 2. Wapigieni mapema uke ukianza tu kuvimba na kuwa mwekundu, msingoje jike asimame, na mwombeni huyu wa kitambaa.