Kupima umbali kwenye gofu kwa simu: ulipie nini kwanza, uache nini

Kama unacheza gofu ya ridhaa na una simu janja, kipimo cha umbali tayari unacho mfukoni. Kilichobaki ni programu, na kwa wachezaji wengi ya bure inatosha kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanalipia matoleo ya mwaka mzima kabla hawajajua kama uwanja wao umechorwa sawasawa kwenye programu.

Simu ya kawaida hujua ilipo kwa setilaiti, na ikiwa mahali pa wazi hukosea kwa takriban mita 5, yaani yadi tano na nusu hivi. Kati ya fimbo moja na inayofuata, mpira wa wengi wetu hutofautiana kwa yadi 10 hadi 15. Kwa hiyo setilaiti peke yake haitakufanya ukosee fimbo nzima. Kosa kubwa hutoka kwenye ramani. Programu haiioni grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera. Inahesabu kutoka uliposimama hadi alama ambayo mtu aliiweka juu ya picha ya setilaiti, pengine miaka kadhaa iliyopita. Klabu ikishajenga grini upya na ramani ikabaki ya zamani, simu itaendelea kukupa namba ya grini ambayo haipo tena.

Nafasi ya kwanza: programu ya bure

Hole19, Golf Pad, 18Birdies na SwingU zote hukupa bila malipo namba tatu unazozihitaji: mwanzo wa grini, katikati na mwisho wake. Mimi ningeanza na Hole19, halafu Golf Pad kwa mwenye Android. Lakini jina la programu lisikushughulishe kuliko uwanja wako. Pakua mbili, kisha uzipime siku isiyo na shindano.

Simama kwenye kigingi cha yadi 150. Kwenye viwanja vingi kigingi hicho hupimwa hadi katikati ya grini, ila mwulize kedi, yaani mbeba fimbo wako, kwani anajua kipi kimehamishwa na kipi kimewekwa vibaya. Linganisha na namba ya katikati inayosomwa na programu. Ukifika grini, simama ukingoni mwa mbele: namba ya mwanzo inatakiwa kukaribia sifuri. Ikisoma yadi 15, ramani ya shimo hilo ni mbovu. Rudia kwenye mashimo manne au matano, hasa yale ambayo klabu imeyafanyia ukarabati. Programu itakayofaulu uwanjani kwako ndiyo yako, hata kama rafiki yako wa klabu nyingine anaisifu tofauti.

Mambo matatu huharibu vipimo bila mtu kujua. Hali ya kuokoa betri huweza kuzuia simu isisasishe mahali ulipo, ukawa unasoma namba ya mpigo uliopita. Izime, na ubebe pawabenki. Ukifika kwenye mpira, subiri sekunde chache namba itulie, hasa chini ya miti. Halafu kagua kama programu inasoma yadi au mita: mita 150 ni yadi 164, na hiyo ni fimbo nzima. Bando halihitajiki kusoma setilaiti, ila ramani inalihitaji, hivyo ifungue ukiwa bado kwenye Wi-Fi ya klabu.

Nafasi ya pili: kipimo cha leza

Ukiwa na hela ya kutumia, itumie hapa kabla ya kulipia programu yoyote. Leza hupima bendera yenyewe, kwa kosa la yadi moja hivi, na haitegemei ramani ya mtu. Bendera huhamishwa kila mara, na kwenye grini ndefu tofauti ya mbele na nyuma inaweza kufika yadi 30. Udhaifu wake ni kwamba haivuki kilima, na mkono ukitetemeka hushika mti ulio nyuma ya bendera. Nunua yenye swichi ya kuzima kipimo cha mwinuko. Sababu iko hapo chini.

Nafasi ya tatu: saa ya gofu

Garmin na wenzake hutengeneza saa nzuri, na raha yake ni kutotoa simu mfukoni kila mpigo. Ila nayo inategemea ramani vilevile. Unalipia urahisi.

Nafasi ya mwisho: toleo la kulipia la programu

Kinachouzwa hapa mara nyingi ni umbali uliorekebishwa kwa mwinuko, yaani kupanda au kushuka kwa ardhi, na ushauri wa fimbo ya kupiga. Tangu Kanuni za Gofu zilipobadilishwa mwaka 2019, kupima umbali kwa kifaa kunaruhusiwa isipokuwa kanuni ya shindano ikikataza. Kupima mwinuko, au kuacha kifaa kikuchagulie fimbo kulingana na mpira ulipo, kumekatazwa na Kanuni 4.3. Kosa la kwanza ni mipigo miwili katika mchezo wa kuhesabu mipigo. La pili ni kuondolewa shindanoni. Unalipia, basi, kitu ambacho siku ya shindano ni lazima ukizime.

Isitoshe, ushauri huo hauwezi kuwa mzuri kuliko takwimu zako mwenyewe. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali. Mtu wa Muthaiga, klabu ya Nairobi, akishuka Vipingo Ridge, uwanja wa pwani, fimbo ile ile ya chuma namba 7 haitamfikisha mbali kama kawaida, wakati simu yake imesoma umbali sahihi. Andika kwenye daftari umbali wa kila fimbo, wa bara peke yake na wa pwani peke yake. Kazi hiyo haigharimu kitu, na bila hiyo namba za programu yoyote zinakosa maana.

Kabla ya kuanza shindano, soma karatasi ya kanuni za siku hiyo uone kama vifaa vimeruhusiwa. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu na uzime mwinuko na ushauri wa fimbo ukiwa bado hujafika tii ya kwanza, yaani mahali pa kupigia mpigo wa kwanza.