TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili" ya Raspberry Pi 4 ya GB 8, ndani kuna GB 2 na memori kadi feki

Wakuu, habari za leo.

Nimesubiri wiki mbili kabla ya kuandika hapa, ili kila nitakachosema niwe nimekipima kwa mkono wangu. Kuna muuzaji mtandaoni anayedai duka lake liko Kariakoo. Anauza seti ya Raspberry Pi 4 "8GB" (kompyuta ndogo ya bodi moja, ambayo RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, inadaiwa kuwa GB 8): bodi, kasha lenye feni, chaja, waya wa HDMI na memori kadi ya GB 128 ambayo tayari ina mfumo ndani yake. Bei ni shilingi 290,000, unalipa kwanza, mzigo unakuja kwa basi. Mpaka leo tumejuana watu watatu tulionunua kwake, na wote watatu tumepata uozo uleule. Jina la akaunti silitaji kwa sababu jalada liko polisi, na tangu tuanze kumfuatilia ameshalibadilisha mara mbili. Kwa hiyo jina lisingewasaidia. Mbinu zake ndizo zitakazowasaidia.

Mimi nafundisha TEHAMA kwenye sekondari ya kata huku Njombe. Intaneti yetu ni ya kubahatisha. Nilitaka seva ndogo yenye Kolibri na Kiwix (programu za kusomea masomo na Wikipedia bila intaneti), irushe Wi-Fi yake yenyewe, wanafunzi wafungue video za fizikia na baiolojia na Wikipedia ya Kiswahili kwenye tableti bila bando. Kwa kazi hiyo Raspberry Pi inatosha kabisa, na hata sola ndogo inaimudu. Pesa walichanga walimu na baadhi ya wazazi. Nalisema hili mjue kwa nini linaniuma: wapo wazazi waliotoa 2,000 ambayo ilikuwa na kazi nyingine nyumbani.

Mzigo ulipofika niliuchomeka kwenye televisheni ya shule. Ukawaka vizuri, feni ikazunguka, picha safi. Nikamtumia ujumbe wa shukrani. Hapo ndipo anapotupatia wote, kwa sababu seti yake huwaka. Ukimuuliza ushahidi anakutumia video bodi ikiwaka, na ukiipokea inawaka kama kwenye video.

Mfumo aliouweka ulikuwa wa zamani, Raspberry Pi OS toleo la Buster la mwaka 2019, mtumiaji "pi" na nywila "raspberry". Sikutaka mfumo wa mtu nisiyemjua ukae kwenye mtandao wa watoto, nikaufuta na kuandika mpya kwa Raspberry Pi Imager, programu ya kuweka mfumo kwenye kadi. Imager ikaandika, ikahakiki, ikasema kila kitu kiko sawa. Nikaamini kadi ni nzima. Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo nilipoumia.

Kadi feki ya aina hii si kadi iliyoharibika. Ndani ina uwezo mdogo, tuseme GB 16, ila kidhibiti chake kimechezewa ili kiiambie kompyuta kwamba ni GB 128. Ukiiangalia kwa lsblk (amri ya Linux inayoorodhesha diski) au kwenye simu utaona 128 kamili. Ukiandika ndani ya zile 16 za kweli, inasoma vizuri. Ukizipita, data mpya inatupwa tu, au inaandikwa juu ya ile ya zamani, na kadi hailalamiki hata kidogo. Sasa mfumo wa Raspberry Pi OS ni gigabaiti chache. Imager inahakiki kile ilichoandika tu, haigusi sehemu iliyobaki. Kwa hiyo kadi inafaulu mtihani ambao haukuwa wa kwake.

Mimi nilikuwa nashusha masomo nikienda mjini, kidogo kidogo, nayahamisha kwa flashi. Wiki ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu video zikaanza kufunguka nyeusi, kisha asubuhi moja mashine ikagoma kuwaka kabisa. Waranti yake ni siku saba. Fanyeni hesabu wenyewe: mtu wa kawaida hawezi kuijaza kadi ya GB 128 ndani ya siku saba, na ubovu hauonekani mpaka uijaze. Sidhani kama zile siku saba zilichaguliwa kwa bahati. Mazoezi ya wiki tatu ya wanafunzi wa kidato cha pili yalikuwa mle, na yote yamepotea.

Nilidhani ni umeme. Nikaandika mfumo upya mara tatu kabla mwenzangu mmoja hajaniambia nipime kwa f3, programu ya kupima uwezo halisi wa kadi. Kwenye Linux unaisakinisha kwa sudo apt install f3, unaendesha f3write kwenye folda ya kadi mpaka ijae, kisha f3read inasoma kila kitu na kulinganisha. Wa Windows watumie H2testw. Kadi ya GB 128 inachukua saa kadhaa, iache usiku. Majibu ya kadi yangu: zilizosomeka sawasawa GB 14.6, zilizopotea zaidi ya 102. Nembo iliyochapishwa juu ni ya kampuni kubwa inayojulikana, na kampuni hiyo haihusiki kwa lolote, wametumia jina lake tu.

Kuna dalili nyingine ya haraka. Ukiwa ndani ya Pi andika cat /sys/block/mmcblk0/device/manfid, inakupa namba ya mtengenezaji wa kadi. SanDisk halisi hutoa 0x000003, Samsung halisi 0x00001b. Yangu ilitoa namba isiyolingana na nembo iliyobandikwa. Lakini msiishie hapo, kwa sababu namba hiyo nayo inaweza kughushiwa. Kipimo cha kuaminika ni kuijaza yote na kuisoma yote.

Baada ya hapo nikapoteza imani na seti nzima, nikaanza kukagua kitu kimoja kimoja. Kasha limeandikwa 8GB. Nikaandika free -h, amri inayoonyesha RAM iliyopo, ikaleta 1.8Gi. Nikampigia simu. Akajibu kwa upole sana: "Mwalimu, hiyo RAM nyingine imechukuliwa na GPU, ni kawaida." Si kweli. Kwenye Pi 4 sehemu inayotengwa kwa GPU (kichakato cha picha), usipobadilisha mipangilio, haifiki hata megabaiti 100. Haiwezi kumeza GB sita nzima. Nikasoma cat /proc/cpuinfo, mstari wa Revision: b03112. Kwenye Pi 4 herufi ya mwanzo ya namba hiyo ndiyo inayotaja RAM: a ni GB 1, b ni 2, c ni 4, d ni 8. Bodi za GB 2 na GB 8 zinafanana sana kwa macho, kwa hiyo kubandika stika ya 8GB kwenye boksi ni kazi ya dakika moja. Nilipomtajia herufi hiyo alikata simu, na tangu siku hiyo hapokei.

Chaja nayo. Imeandikwa 5.1V 3A, ambavyo ndivyo Pi 4 inavyotaka. Mfumo wangu mpya ulipowaka ulianza kutoa onyo la umeme mdogo, na amri ya kukagua umeme, vcgencmd get_throttled, ikatoa 0x50005, maana yake umeme umeshuka sasa hivi na kasi imepunguzwa. Salama ni 0x0. Nikaweka multimita kwenye pini ya 2 na ya 6 wakati tableti zimeunganishwa: volti 4.5. Pi huhesabu chini ya 4.63 kuwa ni upungufu. Umeme wa namna hii huharibu hata kadi nzuri.

Mbona mfumo wake haukutoa onyo? Jibu tulilipata kwa mwenzetu wa Mbeya, mmoja wa wale watatu, ambaye hakuwa amefuta chochote. Tulifungua faili lake la mipangilio, /boot/config.txt, tukakuta mstari avoid_warnings=1. Huo kazi yake ni kuficha alama ya radi, yaani onyo la umeme mdogo, kwenye skrini. Hakuna anayeuandika kwa bahati mbaya. Kwangu mimi huo ndio ushahidi kwamba anajua vizuri anachouza, maana kabla ya hapo bado nilikuwa najiambia labda naye kauziwa.

Kwa mnaotaka kununua, kwake au kwa mwingine anayeuza hivi: mwombeni video, akiandika free -h na cat /proc/cpuinfo, kando ya bodi pawe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Video ya kuwaka tu msiikubali. Sisi watatu wote alituambia "zimebaki mbili tu bosi" na akakataa simu ya video. Kama una ndugu Dar, afike dukani na hela zikiwa bado mfukoni. Kadi na chaja nunueni kando, msifuate seti. Tovuti ya Raspberry Pi yenyewe ina orodha ya wauzaji walioidhinishwa kwa kila nchi, anzeni huko. Na kadi yoyote, hata ya duka unaloliamini, ijazeni kwa f3 siku ileile mnayoipokea, kabla waranti haijaanza kuyeyuka.

Kwa ambao tayari mnayo na inafanya kazi: msiizime kwanza. Nakilini data muhimu leo kwenye diski nyingine, kisha ndiyo mpime. Faili mlizoandika mwisho ndizo za kufungua moja moja, maana hizo ndizo zilizo hatarini. Pi 4 inaweza kuwaka kutoka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya USB, na seva yetu sasa inaendeshwa hivyo, kwa chaja mpya.

Kama umenunua seti hii, hifadhi ujumbe wote, risiti ya malipo ya simu na stakabadhi ya mzigo wa basi, na usifute ile kadi hata kama haina faida tena. Namba iliyopokea hela itumeni 15040 kama namba ya utapeli, kisha nendeni kituo cha polisi mkafungue RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Suala la bidhaa bandia linapokelewa pia na Tume ya Ushindani, FCC. Ukishapata RB niandikie kwa ujumbe wa faragha, tuiunganishe na jalada letu. Mpelelezi ametuambia wakiongezeka walalamikaji kazi yake itakuwa rahisi.