Duara la Tano au Sikio kwa Mpiga Kinanda wa Lamu
Wapiga kinanda wa harusini hapa Lamu hawaishi kubishana iwapo uhusiano wa funguo za muziki (ngazi za noti ambazo wimbo hupigiwa) ujifunzwe kwa mchoro wa duara la tano, unaozipanga funguo 12 kwa mzunguko, kila moja ikianzia noti ya tano ya iliyotangulia, au kwa sikio. Kwa gharama, duara hudai karatasi na jioni chache tu, ilhali sikio hudai miaka ya kukaa ubavuni mwa mpigaji mzoefu.

Kwa kutegemewa, duara hushinda pale mwimbaji anapoinama na kunong'ona, "Kaka, nipandishie kidogo." Duara humwonyesha ni noti ngapi zitabadilika: kutoka C hadi G, jirani yake kwenye duara, hubadilika noti moja tu, F ikawa F shapu (F iliyopandishwa nusu sauti), lakini D flati (D iliyoshushwa nusu sauti), inayogusana na C kwenye kinanda, iko hatua tano mbali kwenye duara, na noti zinazoshirikiwa ni mbili tu. (Kitufe cha kuhamisha ufunguo kinasaidia, ila nakiona kinalemaza.)

Hata hivyo, maqamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) ya Rasti na Bayati, yenye robo sauti, yaani noti zinazoangukia kati ya vitufe vya kinanda, hayana makao katika funguo hizo 12, na hapo mpiga udi hutegemea sikio. Duara husahaulika lisipotumiwa; sikio hudumu zaidi.

Anayepiga pamoja na tarumbeta na gitaa aanze na duara. Aliyelelewa ndani ya taarabu atangulize sikio.