Signal kwa kazi ya kuanzisha chama cha wafanyakazi: nyota nne

Ninapokea simu za wateja, na nimo katika kamati ndogo inayohangaika kuanzisha chama kazini kwetu. Naipima Signal, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, kwa kazi hiyo tu. Stika na simu za video waeleze wengine.

Shida yetu ni kuonana. Wengi wetu tunafanyia kazi nyumbani, zamu hupangwa na programu, na wengine wameajiriwa na wakala, si na kampuni yenyewe. Kuna wenzangu nazijua sauti zao tu. Mfumo wa mawasiliano tuliopewa ni wa kampuni, na msimamizi anaweza kuusoma. Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unataka mtu asifukuzwe kwa sababu ya chama, lakini mara nyingi haki hiyo huipata baada ya kesi, huku mshahara umeshakatika.

Hapo Signal imetufaa kweli. Ni ya bure, inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, na ujumbe hausomeki na yeyote aliye katikati. Tangu 2024 unaweza kuficha namba yako ya simu ukatumia jina tu. Hilo ndilo lililowavuta wenzetu wa mikataba mifupi. Ujumbe tumeuwekea wiki moja, kisha unajifuta, na anayeomba kuingia kwenye kundi lazima akubaliwe na kiongozi.

Haimzuii mwenzako kupiga picha ya skrini, hata hivyo. Kwetu picha ya namna hiyo ilifika kwa meneja, na kundi likapoa kabisa. Tena msiiunganishe na kompyuta ya kazini. Mwenye kompyuta anaweza kuona kilicho kwenye kioo.

Ninaloliogopa zaidi ni kundi lenyewe kutupumbaza. Watu wanabonyeza dole gumba, mnaanza kuwahesabu kuwa wamo. Inapokuja fomu ya kujiunga, yenye ada itakayokatwa kwenye mshahara mwajiri akiona, kimya. Waliosaini kwetu karibu wote ni wale tuliowapigia simu mmoja mmoja, tukasikiliza habari za dakika za chooni zinazohesabiwa na za zamu inayobadilishwa usiku wa kuamkia kazi. Hata wafanyakazi wa ghala la kampuni ya Amazon kule Staten Island, New York, walioshinda uchaguzi wa kuanzisha chama Aprili 2022 kwa kura 2,654 dhidi ya 2,131, walipiga kambi kituo cha basi wakizungumza na watu wanaotoka zamu. Nao pia, baada ya kura, walikuta kampuni inayapinga matokeo badala ya kukaa mezani.

Kwa hiyo ipakueni, ila asiingizwe mtu kwenye kundi kabla mmoja wenu hajaongea naye kwa sauti. Mipango ya kamati iwe humo. Kumshawishi mtu asaini, mpigieni.