Mashua ya Kwanza ya Matanga: Ipi Ununue, Ipi Uache

Wanaoanza wengi hujiponza kwa kununua mashua kubwa. Ndogo hukuonyesha kosa papo hapo: ukikaza demani (kamba ya kuongozea tanga) mno inalala upande, ukiilegeza tanga linapepea. Kubwa hukawia kujibu, nawe hujui ulikosea wapi.

Ya kwanza kwetu ni Sunfish. Ina urefu wa mita 4.19 na tanga moja la pembetatu, karibu mita 7 za mraba, lililofungwa kwenye foromali mbili (miti ya kulitandazia tanga) na kupandishwa kwa henza moja, yaani kamba ya kulipandishia. Mlingoti hauhitaji kamba za kuushikilia, hivyo mtu mmoja anaiunganisha bila msaada. Ikipinduka, simama juu ya ubao wa kuzamisha, shika ukingo, uvute. Kwenye bishi, yaani kwenda kinyume cha upepo, ni nzito kidogo, lakini mwanafunzi ana haraka gani?

Ya pili ni ILCA, iliyojulikana kwa jina la Laser. Ina kasi zaidi, na hupinduka upesi, hasa upepo ukitoka nyuma. Mwenye kilo 55 hadi 70 achukue ILCA 6 (tanga la mita 5.76 za mraba), wa kilo 80 na zaidi, ILCA 7 (mita 7.06). Bodi (mwili wa mashua) ni ileile, hubadilika tanga na kipande cha chini cha mlingoti tu.

Wasafiri wawili au zaidi watazame Wayfarer, mita 4.82. Bodi yake ina kilo 169: bila kigari cha kuishushia majini haitatoka nchi kavu. Mashua ya mkuku (uti mzito wa chini) yenye chumba iache kwanza. Maegesho, injini na rangi ya chini vitakumaliza.

Iliyotumika inafaa, ila ipime. Bodi kavu ya Sunfish au ILCA ni karibu kilo 59. Mizani ikisoma 75, povu la ndani limenyonya maji, na kulikausha huchukua miezi. Bonyeza sitaha kwa kiganja kuuzunguka mlingoti. Ikibonyea, tabaka za faiba zimeachana. Kwa ILCA, jaza maji kwenye tundu la mlingoti, weka alama, subiri robo saa. Yakipungua, tundu linavuja, na siku ya upepo mkali mlingoti unaweza kuichana sitaha.

Tanga lililochoka huwa laini kama shuka, na halishiki umbo. Ulizia bei ya jipya kabla hujaanza kupatana.