Darasa la mazoezi kwa waliojifungua, Shangani, Mtwara: maoni yangu

Kina mama wengi wa huku kwetu hutoka arobaini wakiwa wamekandwa maji ya moto na kufungwa mkaja barabara, kisha wakiona tumbo bado limetangulia hukimbilia zoezi la kulala chali na kujiinua kwa nguvu. Darasa hili la jioni, linaloendeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia katika ukumbi mdogo wa Shangani, nalisifu hasa kwa sababu halimruhusu mtu kuanzia hapo.

Kwanza mwalimu hutazama kadi ya kliniki, ajue mama alijifungua kwa njia gani na kama amekwishahudhuria kliniki ya siku ya 42 baada ya kujifungua. Kisha humwambia, "Mama, kunja magoti, inua kichwa kidogo tu," huku vidole vyake vikiwa katikati ya tumbo, juu na chini ya kitovu, akipima nafasi kati ya misuli miwili ya mbele ambayo ujauzito huitenganisha. Nafasi ikizidi vidole viwili, au tumbo likichomoza katikati kama tuta, mama huyo hapewi zoezi zito.

Mwanzo wenyewe ni mwepisi mno, hata baadhi ya wenzangu walinung'unika: unavuta pumzi mbavu zitanuke, kisha unaitoa polepole huku ukikaza misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayozuia mkojo, na kuvuta tumbo la chini ndani. Kwangu mimi, ada yote inalipwa na hatua hiyo, kwa kuwa misuli hiyo ndiyo inayobeba kibofu na kizazi, na mama anayetokwa na mkojo akikohoa hatasaidiwa na kujikunja mara mia. Baadaye huja kutelezesha kisigino na kuinua nyonga. Kuamka ni kwa kugeukia ubavu, siku zote.

Waliojifungua kwa upasuaji husubiri zaidi, na anayehisi uzito ukeni au kuona damu imerudi husimamishwa na kuelekezwa hospitali. Mkaja haukatazwi, ila mwalimu husisitiza kwamba unaegemeza tu, hauimarishi misuli, na ukikazwa kupita kiasi husukuma mzigo chini kwenye nyonga.

Mikeka ni myembamba, jambo linalovumilika. Lisilovumilika ni darasa kujaa hadi mwalimu asiweze kuliangalia kila tumbo, na namwomba kwa dhati awatenge wageni na wazoefu.